Magari ya kasi, maendeleo ya kobe: Kwa nini wachezaji wa Live for Speed wamechoka kusubiri

JINA lake likitafsiriwa kwa Kiswahili ni kama kusema “Ishi kwa ajili ya kasi”. Lakini kwa mashabiki wa Live for Speed, mchezo wa kompyuta unaoiga mbio halisi za magari kupitia mtandao wa intaneti, jina hilo kwa muda mrefu limekuwa kama kejeli. Magari yaliyomo ndani yake hukimbia kwa kasi, ila kazi ya kuuendeleza mchezo wenyewe imekwenda kwa mwendo wa kobe.

Mchezo huo ulitolewa kwa umma kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Tangu wakati huo zaidi ya miaka 20 imepita, na bado namba ya toleo lake haijafika 1.0, namba ambayo katika fani ya programu za kompyuta huashiria kwamba kazi imekamilika. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 15 alipoanza kuucheza, leo ni mtu mzima mwenye kazi na pengine familia, na baadhi ya mambo aliyoahidiwa akiwa shuleni bado hajayaona.

Manung’uniko ya wachezaji hao si jambo la mchezo tu, ingawa chanzo chake ni mchezo. Yanagusa maswali ambayo yanamhusu kila anayenunua bidhaa ya kompyuta siku hizi: Je, mteja aliyelipia kitu ambacho hakijakamilika ana haki gani? Je, muuzaji akitangaza jambo na kisha akachelewa, hilo ni deni au ni matarajio tu? Na kwa nini kazi ya kompyuta, ambayo wengi hudhani hufanyika kwa kubonyeza vitufe, inaweza kuchukua miaka kumi na zaidi?

Ulivyoanza

Live for Speed ni kazi ya watu watatu: Scawen Roberts, Eric Bailey na Victor van Vlaardingen. Kwa mgawanyo wao wa kazi, Roberts ndiye anayeandika programu yenyewe, ikiwemo mahesabu ya namna gari linavyokwenda barabarani. Bailey huchora na kujenga magari na viwanja vya mbio. Van Vlaardingen hushughulikia mfumo wa mtandao unaowaunganisha wachezaji na kuhifadhi kumbukumbu zao.

Tofauti na michezo mingi mikubwa ya kompyuta, hawa hawakutafuta kampuni kubwa ya kuwafadhili na kuwasambazia kazi yao. Waliamua kuuza wenyewe kwa njia ya intaneti, jambo ambalo mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilikuwa bado geni. Mchezaji aliweza kuuchukua mchezo bure na kujaribu magari machache katika uwanja mmoja, uitwao Blackwood. Akipendezwa, alinunua leseni iliyomfungulia magari na viwanja vingine.

Mpango ulikuwa wa hatua tatu, zilizopewa majina ya S1, S2 na S3. Hatua ya kwanza ilitolewa mwaka 2003. Leseni yake iliuzwa kwa Pauni 12 za Uingereza. Hatua ya pili ilifuata Juni mwaka 2005, na leseni yake ilikuwa Pauni 24, huku aliyekuwa na leseni ya S1 akiongeza Pauni 12 tu. Hatua ya tatu ilikusudiwa kuwa ndiyo ya mwisho, yenye mchezo kamili.

Ni sawa na mtu anayenunua nyumba ikiwa bado inajengwa. Chumba kimoja kimekwisha, anahamia. Anaambiwa vyumba vingine viko njiani, na fedha anazolipa ndizo zinazonunua saruji. Utaratibu huo hauna ubaya wowote ilimradi mafundi wanaonekana kazini.

Na katika miaka ile ya mwanzo mafundi walionekana. Kati ya mwaka 2002 na 2008 matoleo mapya yalitoka mara kwa mara, kila moja likiwa na marekebisho, magari mapya au viwanja vipya. Mwaka 2006 mchezo huo ulipata heshima kubwa ulipoingiza gari la Formula One la timu ya BMW Sauber la msimu huo. Baadaye liliongezwa gari la Formula BMW, lililokuwa likitumiwa na madereva chipukizi. Kwa kikundi cha watu watatu, hayo yalikuwa mafanikio ya kutajika.

Kilichowavutia wachezaji

Ili kuelewa hasira zilizokuja baadaye, ni lazima kwanza kuelewa mapenzi yaliyotangulia. Michezo mingi ya magari ya wakati ule ilikuwa ya burudani ya haraka haraka. Mchezaji alibonyeza kitufe, gari likakata kona kwa kasi isiyowezekana, likagonga ukuta na kuendelea na safari.

Live for Speed ulikuwa kinyume cha hayo. Ulikusudiwa kuchezwa kwa usukani na kanyagio vilivyounganishwa na kompyuta. Mchezaji aliyekanyaga breki kwa nguvu mno aliyaona matairi yakijifunga na kuchakaa upande mmoja, na tangu hapo alilisikia gari likitetemeka kila lilipozunguka gurudumu. Aliyekwenda kwa fujo aliyachemsha matairi hadi yakapoteza mshiko. Aliyejaza mafuta mengi kuliko mahitaji alilihisi gari likiwa zito katika kona.

Aidha, mtandao wake ulisifiwa sana. Katika kipindi ambacho watu wengi walikuwa wakitumia intaneti ya kasi ndogo, wachezaji kutoka nchi mbalimbali waliweza kukimbizana kwa karibu, bampa kwa bampa, bila magari kurukaruka ovyo kwenye skrini. Ligi zilianzishwa. Mbio za masaa mengi, ambapo timu hupokezana usukani, ziliandaliwa na wachezaji wenyewe. Wengine walijikita katika kuserereka, yaani mbio za kuteleza kwa madaha, na wengine wakabuni seva ambamo watu huzurura mjini na magari yao bila kushindana.

Kwa hiyo mchezo ule haukuwa tena mali ya watu watatu pekee. Ulikuwa umejengewa jamii nzima juu yake, yenye waamuzi, wachoraji wa rangi za magari, waandaaji wa ligi na madereva waliotumia saa nyingi kila wiki. Mtu aliyewekeza muda wa namna hiyo huacha kujiona mteja. Hujiona mbia.

Gari ambalo halikufika

Mgogoro ulianzia kwenye gari moja. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba gari la Volkswagen Scirocco lingeingizwa katika Live for Speed. Picha zilitolewa, na mashabiki wakaanza kuhesabu siku. Kwa wengi wao hiyo ilikuwa dalili kwamba kampuni kubwa za magari zimeanza kuutambua mchezo wao.

Siku zikawa wiki, wiki zikawa miezi. Ndipo ikaelezwa kwamba gari lenyewe halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa matairi. Katika kazi ya kulifanya gari hilo litembee kama linavyotembea katika barabara halisi, Roberts aliona kwamba mahesabu ya matairi yaliyokuwa yakitumika katika mchezo yana kasoro za msingi. Badala ya kuziba viraka, aliamua kuyaandika upya.

Uamuzi huo, ambao kitaalamu ulikuwa na mantiki, ndio uliogeuka kuwa mzigo. Kazi iliyodhaniwa kuwa ya miezi iliendelea mwaka hadi mwaka. Hadi kufikia mwaka 2024, miaka 15 baada ya tangazo lile, si Scirocco wala fizikia mpya ya matairi iliyokuwa imetolewa rasmi kwa wachezaji.

Katika kipindi hicho jina la gari hilo liligeuka kuwa mzaha miongoni mwa mashabiki. Kila jambo lisilotarajiwa kutokea lilifananishwa na ujio wa Scirocco. Lakini nyuma ya mzaha kulikuwa na uchungu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na wachezaji wengi waliamua kutosubiri tena.

Kwa nini tairi ni kazi ngumu?

Msomaji anaweza kujiuliza inakuwaje mpira mweusi wa duara umshinde mtaalamu kwa miaka mingi kiasi hicho. Jibu ni kwamba tairi ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika gari, kwa anayetaka kulielezea gari kwa hesabu.

Gari lenye uzito wa tani moja na zaidi hushikana na dunia katika sehemu nne tu, kila moja ikiwa na ukubwa unaokaribia kiganja cha mkono. Nguvu zote za gari hupita hapo: mwendo, breki na kona. Katika viganja hivyo mpira hunyooka, hujikunja, huteleza kidogo, hushika tena, hupata joto na kuchakaa, na hayo yote hutokea kwa wakati mmoja.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba tairi haishiki barabara vizuri zaidi inapokuwa haitelezi kabisa. Hushika vizuri zaidi inapoteleza kidogo. Likizidi kiwango hicho, mshiko hupungua, na gari huanza kumponyoka dereva. Ustadi wote wa mbio za magari upo katika kulishikilia gari kwenye mstari huo mwembamba. Mchezo ukikosea mahesabu ya eneo hilo dogo, dereva mzoefu atagundua mara moja.

Kuna njia kuu mbili za kulikabili tatizo hili. Ya kwanza ni kutumia kanuni zinazotokana na vipimo vya maabara. Tairi halisi huwekwa kwenye mashine, hupimwa, kisha hutafutwa mstari wa hesabu unaolingana na matokeo. Kanuni mashuhuri kuliko zote za aina hiyo ilitokana na kazi ya Hans Pacejka, profesa wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi. Njia hiyo ni ya uhakika pale ambapo vipimo vipo, lakini haielezi ni kwa nini tairi inatenda inavyotenda, na hukosa majibu katika hali ambazo hazikupimwa.

Njia ya pili ni kujaribu kulijenga tairi lenyewe ndani ya kompyuta, kuanzia mpira, hewa na kuta zake, ili tabia zake zijitokeze zenyewe. Hii ndiyo njia ambayo Live for Speed imeitamani. Faida yake ni kwamba ikifanikiwa, hutoa majibu katika kila hali. Hasara yake ni kwamba kosa dogo mahali pamoja huharibu kila kitu mahali pengine, na hesabu hizo lazima zirudiwe mara nyingi kila sekunde kwa kila gurudumu la kila gari. Fizikia ya mchezo huo imekuwa ikikokotolewa mara 100 kwa sekunde.

Wala si Live for Speed pekee uliosumbuliwa na matairi. Nchini Marekani, David Kaemmer, mmoja wa waasisi wa iRacing na mtu mwenye jina kubwa katika fani hiyo, naye amelishughulikia tatizo hilo kwa miaka mingi. iRacing ilianza kutengenezwa mwaka 2004 na kufunguliwa kwa umma mwaka 2008. Mwaka 2011 ilianza kuleta muundo mpya wa matairi, na hata baada ya hapo muundo huo umefanyiwa marekebisho mara kadhaa.

Tofauti ni kwamba iRacing ilikuwa na watu wa kufanya mambo mengine wakati huo. Magari mapya yaliendelea kutoka, viwanja vipya viliendelea kupimwa, na mashindano yaliendelea kuratibiwa. Katika Live for Speed, mtu aliyekuwa akihangaika na matairi ndiye huyohuyo aliyepaswa kuandika karibu kila kitu kingine.

Kwa nini wasiajiri watu zaidi?

Hilo ndilo swali ambalo wachezaji wamelirudia kuliko jingine lolote. Wengi walijitolea kusaidia, wengine hata bila malipo. Mtazamo wa kawaida ni kwamba kazi ikichelewa, dawa yake ni kuongeza mikono.

Lakini katika uandishi wa programu za kompyuta mambo hayaendi hivyo kila wakati. Fred Brooks, aliyesimamia uundaji wa mfumo mkubwa wa kompyuta wa OS/360 katika kampuni ya IBM, alilieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1975 kiitwacho The Mythical Man-Month. Hoja yake kuu ni kwamba kuongeza watu katika kazi ya programu ambayo tayari imechelewa huifanya ichelewe zaidi. Wageni huhitaji kufundishwa, na anayewafundisha ni yuleyule ambaye angekuwa anafanya kazi. Vilevile, kila mtu anayeongezwa huongeza mazungumzo, mikutano na nafasi ya kutoelewana.

Hoja hiyo ina uzito, ila haimalizi mjadala. Brooks alizungumzia kazi iliyochelewa kwa miezi. Kazi inayochukua muongo mzima ina nafasi ya kutosha ya kumfundisha mtu mpya. Hapo ndipo wakosoaji wa mchezo huo wanapopata nguvu. Wanasema tatizo halikuwa hesabu bali uchaguzi: waundaji walitaka kubaki watatu, wakiwa huru, bila bosi na bila ratiba ya mtu mwingine.

Na kwa hakika hiyo ilikuwa haki yao. Uhuru huohuo ndio uliowawezesha kuunda mchezo wa aina yake. Kampuni kubwa isingemruhusu mwandishi wa programu kutumia miaka kadhaa akitafuta ukweli kuhusu mpira wa tairi. Ingemwambia atoe kilichopo kabla ya Krismasi. Kilichowafurahisha wachezaji mwaka 2005 na kilichowakera mwaka 2012 vilitoka kwenye chungu kimoja.

Malalamiko matatu

Ukiyachambua manung’uniko ya wachezaji, utaona yanagawanyika katika makundi matatu.

Kundi la kwanza linalalamikia fedha. Hoja yao ni kwamba walinunua leseni ya S2 wakiamini wanachangia safari ya kwenda S3. Hoja hiyo si nyepesi, lakini ina udhaifu. Leseni hiyo iliuzwa mara moja tu, bila ada ya kila mwezi, na ilifungua magari na viwanja ambavyo vilikuwepo siku hiyo hiyo. Mtu aliyelipa Pauni 24 mwaka 2005 na kucheza kwa miaka mitano hakudhulumiwa kwa bei ya kawaida ya michezo.

Kundi la pili linalalamikia ukimya. Hawa hawadai mchezo uishe kesho. Wanadai kuambiwa umefikia wapi. Kulikuwa na vipindi virefu ambavyo habari zilikuwa haba, na habari zinapokosekana, uvumi huchukua nafasi yake. Waundaji nao walikuwa na sababu: kila walipotaja tarehe au jambo mahususi, lilihesabiwa kuwa ahadi. Tangazo la Scirocco lilikuwa limewafunza hilo kwa gharama kubwa.

Kundi la tatu, ambalo pengine ndilo lenye hoja nzito zaidi, linalalamikia jamii yao kuvunjika. Mchezo wa mtandaoni unahitaji watu. Seva ikiwa na madereva 20 kila usiku, mtu mpya atavutiwa kujiunga. Zikibaki seva tupu, hata mchezo uliokamilika hauna maana. Wakati Live for Speed ukisuasua, washindani walikuwa wakiongezeka. Kikundi kidogo cha Kunos Simulazioni cha Italia, kilichokuwa kimetoa netKar Pro mwaka 2006, kilianza kuuza Assetto Corsa kabla haujakamilika Novemba mwaka 2013, na kutoa toleo kamili Desemba mwaka 2014. Wachezaji waliokuwa na kiu ya magari mapya na picha nzuri zaidi walikuwa na pa kwenda.

Kuna pia gharama ambayo haizungumzwi sana. Fizikia ya mchezo ikibadilishwa, muda bora wa mizunguko uliowekwa na wachezaji kwa miaka mingi hauwezi tena kulinganishwa na wa sasa. Rekodi hufutwa, na marekebisho ya magari yaliyotafutwa kwa majaribio mamia hayafai tena. Kwa hiyo hata wale wanaolilia mabadiliko wanajua kwamba yakija yatawapokonya kitu.

Si kwamba hakuna kilichofanyika

Haki inataka isemwe pia kwamba mchezo huo haukufa. Mwaka 2013 ulikuwa miongoni mwa michezo ya mwanzo ya mbio za magari kuweza kuchezwa kwa miwani ya Oculus Rift, inayomfanya mchezaji ajione yumo ndani ya gari. Baadaye uwanja wa Westhill ulijengwa upya.

Desemba mwaka 2015 leseni ya S3 ilifika hatimaye, kwa bei ya Pauni 36, ikiwa na uwanja wa kwanza wa kweli katika historia ya mchezo huo: Rockingham, uliopo Corby, nchini Uingereza. Hata hivyo, S3 hiyo haikuwa ile hatua ya mwisho iliyofikiriwa mwanzoni. Ilikuwa ngazi nyingine ya leseni, na mchezo ukaendelea kuitwa ambao haujakamilika.

Uwanja huo una kisa chake. Rockingham halisi, uliofunguliwa mwaka 2001, ulifungwa kwa shughuli za mbio mwishoni mwa mwaka 2018, na eneo lake likageuzwa kuwa la kuhifadhia magari. Leo anayetaka kushindana katika uwanja huo hana njia nyingine ila kompyuta. Mchezo unaolaumiwa kwa kuchelewa umeishi kuliko uwanja uliouiga.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja mwishoni mwa mwaka 2021, pale mchezo uliporuhusu magari yanayobuniwa na wachezaji wenyewe. Kwa miaka mingi waundaji walikuwa wamelikataa jambo hilo, wakihofia udanganyifu na fujo. Utaratibu walioukubali ni kwamba gari hukaguliwa kabla ya kuruhusiwa, na mchezaji mwenye leseni ya S3 anapoingia kwenye seva, magari yanayotumika hapo hujipakua yenyewe.

Uamuzi huo ulikuwa jibu la kimyakimya kwa lalamiko la zamani. Waundaji watatu hawakuajiri mtu, lakini walifungua mlango kwa mamia ya mikono. Magari yaliyokuwa yakisubiriwa kutoka kwa mtu mmoja yakaanza kutoka kwa jamii nzima. Wakati huohuo, taarifa za maendeleo zilionyesha kwamba kazi imekuwa ikiendelea katika mfumo mpya wa picha, mwanga na vivuli, pamoja na fizikia ile ile ya matairi.

Mafunzo kutoka kwingine

Historia ya michezo ya kompyuta ina mifano mingi ya kusubiri. Duke Nukem Forever ulitangazwa mwaka 1997. Kampuni ya 3D Realms iliyokuwa ikiutengeneza ilisisitiza kwamba utatoka utakapokuwa tayari. Mwaka 2009 wafanyakazi waliokuwa wakiutengeneza walipunguzwa, na ulitolewa mwaka 2011 baada ya kampuni ya Gearbox kuuchukua. Wakosoaji wengi waliuponda. Miaka 14 ya kusubiri ilikuwa imejenga matarajio ambayo hakuna mchezo ungeweza kuyatimiza.

Hata wenye fedha nyingi hawakuepuka. Gran Turismo 4, wa kampuni ya Sony, ulitoka Japani mwishoni mwa mwaka 2004. Mashabiki walisubiri hadi Novemba mwaka 2010 kupata Gran Turismo 5, baada ya tarehe kuahirishwa. Star Citizen, uliochangiwa na umma kuanzia mwaka 2012, umekusanya zaidi ya Dola milioni 700 za Marekani na bado umekuwa ukiuzwa ukiwa haujakamilika.

Kwa hiyo kuchelewa hakutokani na uchache wa watu peke yake, wala hakuponywi na fedha peke yake. Kunatokana zaidi na tamaa ya ubora isiyokuwa na mpaka. Mwenye kutafuta ukamilifu hana siku ya kumaliza, maana kila kasoro anayoitengeneza humwonyesha nyingine.

Steam, soko kubwa la michezo ya kompyuta, lilipoanzisha mwaka 2013 sehemu maalumu ya kuuza michezo isiyokamilika, liliweka tahadhari kwa wanunuzi: mtu anunue kwa kuridhika na hali ya mchezo ilivyo siku hiyo, si kwa kutegemea utakavyokuwa baadaye. Live for Speed ulikuwa umeuzwa kwa namna hiyo kwa miaka 10 kabla ya tahadhari hiyo kuwepo.

Ahadi na deni

Waswahili husema ahadi ni deni. Kwa kipimo hicho waundaji wa Live for Speed wanadaiwa gari moja na seti ya matairi. Lakini si kila kinachosubiriwa kiliahidiwa. Sehemu kubwa ya hasira za wachezaji ilitokana na mambo waliyoyatamani wenyewe, wakayarudia rudia hadi yakafanana na mkataba.

Kwa mnunuzi, somo ni la wazi. Bidhaa isiyokamilika inunuliwe kwa thamani ya kilichopo. Kikija kingine, kiwe nyongeza. Anayelipia kesho huenda akaisubiri kesho hiyo hadi uzee.

Kwa muuzaji nalo lipo somo. Mteja huweza kuvumilia kazi ndefu, ila havumilii kuachwa gizani. Habari fupi ya kila mwezi, hata kama inasema tu kwamba jaribio limeshindikana, ingezuia malalamiko mengi yaliyojaa katika miaka ile ya ukimya.

Kwa wachezaji wenyewe, usiku ukifika bado wapo wanaowasha kompyuta, wakashika usukani na kujipanga kwenye mstari wa kuanzia wa Blackwood, uwanja uleule wa mwaka 2002. Baadhi yao wanaendesha magari yaliyobuniwa na wenzao. Matairi waliyonayo ni yaleyale ya zamani, ambayo kwa hesabu za mtu aliyeyaunda yana kasoro, na ambayo kwa maoni yao ndiyo sababu iliyowafanya wabaki.